Mutwiri, Mlinzi wa Njahi za Marigu

Kamati ya Muda ya Kuchunguza Kuzibwa kwa Ubao wa Matangazo ya Serikali na Mmea Utambaao: hilo ndilo jina kamili la jambo lililomfanya marehemu ajulikane katika kata ndogo hii, na kwa kuwa waombolezaji wengine wametoka mbali, Muthara, Kiritiri na Embu mjini, familia imeniagiza mimi Koome, mdogo wake anayemfuata, nianze hapo, ndipo nirudi kwenye kuzaliwa kwake kama ilivyo desturi.

Mwezi wa Julai mwaka wa 2018, njahi, zile jamii ya maharagwe meusi, ambazo marehemu alikuwa amezipanda kando ya ua wake zilitambaa, zikavuka ua, zikaufikia ubao ulio nje ya ofisi ya naibu wa chifu na kuufunika wote, pamoja na tangazo lililowahimiza wakulima wapande mimea inayostahimili ukame. Mheshimiwa Gitari, aliyekuwa naibu wa chifu wakati huo, na ambaye tunamshukuru kwa kuwa nasi leo, alimwita marehemu akamwambia, "Mzee, mmea wako umeziba serikali," naye marehemu akavua kofia, akajibu kwa heshima zote kwamba alidhani anaitii. Kamati iliundwa, ikaketi, ikaahirishwa, ikaketi tena, ikazuru mahali pa tukio, ambapo palikuwa mlangoni pake yenyewe, na mwishowe ikaamua kwamba ubao ndio uhamishwe, kwa sababu ubao hauna mizizi. Marehemu hakushangilia uamuzi huo, alisema tu kwamba njahi zile hazikuwa zake, ni za Marigu mkewe, na kama zingekuwa zake angezikata siku ile ile, na maneno hayo ndiyo yatakayotuongoza katika historia hii.

Mzee Jotham Mutwiri alizaliwa karibu na soko la Muthara, Tigania Mashariki, huko Meru, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mwenda na marehemu mama yetu Kagwiria. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1950, siku ambayo, ukiamini vitambulisho, nusu ya wazee walioketi chini ya hema hili walizaliwa pia, ila mama yetu alisema sikuzote kwamba Mutwiri alizaliwa baridi ikiisha, ukungu ukianza kuinuka asubuhi, wanawake wakiwa wanalainisha mashamba kungojea mvua za Oktoba, na kwa kuwa mama alikuwepo na serikali haikuwepo, familia inashikilia neno la mama.

Alisoma katika shule ya msingi ya misheni iliyokuwa karibu na nyumbani, kuanzia mwaka wa 1958 hadi 1965, akakumbukwa na walimu kwa mwandiko safi na kwa kutojibu swali ambalo hajaulizwa, tabia aliyoitunza hadi mwisho wa maisha yake. Hakuendelea na sekondari, kwa sababu ambazo wakati ule zilijulikana katika kila nyumba na hazikuhitaji kuelezwa. Mwaka wa 1969 alikuja Runyenjes kumsaidia mjomba wetu msimu wa kuchuma kahawa, akiwa na nia ya kurudi Muthara msimu ukiisha, lakini akaajiriwa kwenye kiwanda cha kahawa cha wakulima, upande wa mashine za kumenya, na nia hiyo ya kurudi hakuifuta, alikuwa akiitaja kila Krismasi kwa miaka hamsini na zaidi. Alistaafu tarehe 30 Juni 2005, akatunukiwa saa ya ukutani iliyofika ikiwa imesimama, akaitundika hivyo hivyo, akisema kwamba mstaafu hana haraka.

Mnamo tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa kanisani hapa Runyenjes na Eunice Marigu, binti wa kutoka Kiritiri, aliyekuwa akiuza ndengu na vibuyu siku za soko, na ambaye marehemu alinunua kwake vibuyu vingi kuliko kapera yeyote anavyovihitaji. Marigu alikuja kwa ndoa na sanduku moja la nguo na kibuyu kimoja cha njahi, zile nyeusi zenye mstari mweupe, alizopewa na mama yake, ambaye naye alipewa na mama yake, na sharti lake lilikuwa moja, nalo alilieleza siku ya kwanza kabla hata ya kuonyeshwa jiko. Njahi hizo ni za mwanamke aliyejifungua. Zikipikwa, jirani akila si vibaya, lakini mbegu haiuzwi, haigawiwi ovyo, inatoka kwa mama kwenda kwa binti, na binti anaipokea akipata mtoto wake wa kwanza, ili ale, apate nguvu na maziwa, kisha apande kwake. Sisi watu wa Tigania, ambao mwanamume kwetu huheshimiwa kwa miraa na viazi vikuu, tulimcheka kaka yetu kidogo, tukasema ameoa sheria.

Mungu aliwajalia watoto wanne. Wawili hawakukaa, nao wamezikwa hapa nyuma ya nyumba ambapo leo tunamlaza baba yao. Waliobaki, wenye majina ya wazazi wetu, ni Mwenda, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1977, anayefanya kazi Nairobi, na Kagwiria, aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 1986, mwalimu, aliyeolewa na Muthomi na anayeishi Embu mjini. Mwenda aliondoka nyumbani mapema, akazijua njahi za mama yake kwa kuzila, na Kagwiria alizijua kwa kuzipanda, kuzisimikia miti, kuzichuma na kufokewa juu yake.

Marigu aliaga dunia tarehe 9 Machi 2016, baada ya kuugua saratani kwa muda ambao hospitali iliuita mfupi na sisi hatukuuona hivyo. Kagwiria alikuwa bado hajapata mtoto. Kwa hiyo mbegu haikuwa na mahali pa kwenda, na siku chache kabla ya kukata roho Marigu alimwambia mumewe, nami nilikuwa nimeketi kando ya kitanda, "Baba Mwenda, usiziache zikaishia mikononi mwako, mpaka huyu msichana azae." Marehemu akasema, "Sawa." Katika ndoa yao ya miaka arobaini na mmoja sidhani aliwahi kumpa jibu refu zaidi, wala kwamba Marigu aliwahi kulihitaji.

Hivyo ndivyo mwanamume wa Tigania, mstaafu, mzee wa kanisa, alivyoanza kilimo cha njahi, ambazo kila mtu hapa anajua ni zao la kike. Alitaniwa, na hakuna aliyemtania kama rafiki yake Jamaldin, mwenye bucha pale sokoni, ambaye yuko hapa leo na ambaye hajawahi kukana, kwani kila marehemu alipopita na jembe Jamaldin alitoka nje na kisu mkononi akaita barabara nzima isikie, "Mzee wa Meru! Ni kweli umeacha miraa ukaolewa na njahi?" Marehemu alikuwa akisimama, akifikiri kana kwamba swali ni jipya, kisha akijibu, "Mahari ilikuwa nzuri, Jamaldin," na kuendelea na safari.

Ningependa mjue jinsi alivyofanya kazi hiyo, kwa maana wengi mlimwona nje ya ua tu. Mwezi wa Julai, baridi ikiwa kali na manyunyu ya ukungu yakikaa siku nzima, hakugusa shamba, alisema udongo ukiguswa ukiwa na usingizi hununa. Alikaa jikoni karibu na moto, akichagua mbegu, iliyotobolewa huku, iliyokunjamana huku, iliyo nzima akiiviringisha kwenye majivu isiliwe na wadudu na kuirudisha ilikotoka. Agosti ikifika katikati, jua likianza kuonekana kabla ya saa nne, alitoka kung'oa mabua ya zamani, akabeba samadi ya mbuzi kwa karai, akachonga nguzo mpya za kutambalia, na ule mti wa kando ya mto ukitoa maua mekundu kabla ya majani, alichimba mashimo, akayaacha wazi yapate jua. Kisha akangojea. Mvua ya kwanza hakuiamini, alisema inakuja kuangalia nani ni mjinga, akapanda kwa mvua ya pili. Kagwiria alikuwa akija siku hiyo kutoka Embu, na Muthomi, na mara nyingine mimi, na tulikula chakula cha mchana shambani tumekalia magunia, kila mtu akimkosoa mwenzake jinsi anavyofukia, na nadhani hiyo ndiyo siku pekee katika mwaka ambayo kaka yangu alicheka kwa sauti baada ya Marigu kuondoka.

Kuna jambo ambalo Kagwiria ameniruhusu kulisema. Mwaka wa 2017, na tena mwaka wa 2020, alikuwa na mimba, na mara zote mbili babake alitenga njahi za uzazi kwenye kapu lake, akalifunika kwa kitambaa cheupe cha Marigu, na mara zote mbili mtoto hakuzaliwa hai. Marehemu hakupika njahi hizo, wala hakumpa mtu. Alizirudisha kwenye majivu ziwe mbegu, akampigia binti yake simu, akamwambia, "Zinangoja. Hazina haraka, nawe usiwe na haraka." Wale waliokuwa wakishangaa kwa nini mzee anapanda kila msimu na hauzi, hiyo ndiyo sababu, na sasa mnaijua.

Ukame wa mwaka wa 2022 ulikausha hata kile ambacho matangazo ya serikali yalisema hakikauki. Kule Kiritiri, kwao Marigu, mbegu ilipotea kabisa, shangazi zake wakapanda kwa tamaa katika mvua ya uongo na hawakuvuna hata ganda. Hapa kwetu marehemu aliokoa mashina machache kwa maji ya kuoshea vyombo, akapata mbegu za kujaza kikombe, akaanza upya, msimu baada ya msimu, kikombe kikawa kibuyu, na mavuno ya Machi mwaka huu, baada ya kuchaguliwa, yalijaza ndoo moja nyeusi iliyokuwa zamani ya kuwekea rangi ya mabati. Shangazi wa Kiritiri walikuwa wamemwomba awarudishie uzao, naye aliwaahidi kwamba baada ya mavuno yajayo watapata. Na mwezi wa Julai, Kagwiria alikuja nyumbani na habari ambayo kwa desturi haitangazwi, lakini mwenye macho anaiona hata kutoka kiti cha nyuma cha hema hili. Anatarajia mwezi wa Machi, wakati njahi za Oktoba huwa zimekomaa. Ndiyo sababu mwaka huu marehemu hakupika hata punje moja. Ndoo nzima ilikuwa ya kupanda.

Kuhusu ugonjwa wake, marehemu alianza kukohoa mwanzoni mwa Julai, akasema ni baridi, na kwa kuwa ilikuwa baridi kweli hakuna aliyebishana naye. Dispensari ilimpa dawa ya kikohozi, kisha ikampa dawa nyingine ya kikohozi. Tarehe 26 Agosti alikutwa amelala katikati ya mashimo aliyokuwa akichimba, karai kando yake, akiwa na fahamu zake na aibu nyingi, na Jamaldin alifunga bucha, akampeleka hospitali kwa gari lake la nyama, akimwambia njiani kwamba hiyo ni mara ya kwanza gari lile kubeba kitu kinachopumua, hivyo asiliharibie rekodi mpya. Hospitali tuliyofika ilikuwa na kitanda, ila kitanda kilikuwa na mtu, na wakalala wawili, mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, siku kadhaa, chini ya bango kubwa linaloeleza haki za mgonjwa. Madaktari walisema mapafu, kisha wakasema ni moyo, ulikuwa umepanuka kwa miaka mingi bila kumwambia mtu, jambo ambalo waliomjua hawakuliona ajabu.

Kagwiria alimwuguza, ingawa mwenyewe alikuwa ameambiwa apumzike. Kila asubuhi babake alimwuliza swali moja.

"Ukungu umeinuka?"

"Umeinuka, baba. Jua liko."

"Na ule mti wa mtoni?"

"Umeanza. Mwekundu wote."

"Basi mashimo yako tayari. Ndoo iko stoo, nyuma ya magunia. Mvua ya kwanza usipande."

"Najua, baba. Nitangoja ya pili."

"Sema tena."

"Ya pili, baba."

Wauguzi walidhani mzee amechanganyikiwa, na mmoja aliandika hivyo kwenye faili, lakini ninaweza kuwathibitishia kwamba hakuna mtu katika wodi ile aliyejua anachosema kama yeye. Marehemu aliaga dunia Jumatatu tarehe 22 Septemba 2025, asubuhi, dirisha likiwa wazi, baada ya kuuliza na kujibiwa.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi, waliokuwa wachache na wakafanya kazi ya wengi, kwa kanisa, kwa wastaafu wenzake wa kiwanda cha kahawa, kwa Jamaldin na mkewe Rahema, walioleta chai na mandazi kila jioni wala hawakungoja kuulizwa, na kwa mheshimiwa Gitari, aliyetuombea kibali cha hema kukaa barabarani na akakipata kabla ya mazishi, jambo ambalo marehemu asingeliamini. Tunaishukuru Kamati Kuu ya Mazishi, pamoja na Kamati Ndogo ya Usafiri, Kamati Ndogo ya Hema na Viti, Kamati Ndogo ya Kupatanisha Kamati Ndogo, na kwa namna ya pekee Kamati Ndogo ya Chakula, akina mama wa mtaa huu, ambao tangu siku ya msiba walilichukua jiko la nyumba hii isiyo na mama, wakalisha watu asubuhi na jioni kwa kile walichokileta na kile walichokikuta, na ambao waliripoti kwamba Jumanne tarehe 30 Septemba ujumbe wa Muthara ulipokelewa kwa chakula cha heshima na hakikubaki kitu sufuriani. Ripoti hiyo ni ya kweli. Mimi nilikuwa katika ujumbe huo, na niliongezwa mara mbili.

Mutwiri, ndugu yangu, umefanya kazi ya watu wawili kwa miaka tisa na sasa tunakuweka karibu na mwenzako, lala, udongo ni ule ule ulioulainisha kwa mikono yako, na Mungu akupe pumziko ambalo hukujipa.

Limebaki jambo moja, na Kagwiria ameomba liwekwe wazi hapa mbele ya wote, ili lisianze kuzunguka sokoni na kuongezewa chumvi, na ili aliyepika asilaumiwe, wala aliyefungua mlango, maana kila mmoja alitaka kutuheshimu. Sisi wa Muthara tulifika mchana wa Jumanne, bila kupiga simu. Akina mama walisema wageni kama hao, ndugu wa damu wa marehemu, hawawezi kuwekewa maharagwe ya kawaida, wakamwuliza Mwenda kama kuna kitu kizuri zaidi nyumbani. Mwenda aliwapa ufunguo wa stoo. Kagwiria alikuwa kliniki, Embu. Walikuta ndoo nyuma ya magunia, wakaosha majivu, wakapika njahi zote, na sisi tukazila na kuzisifu. Kagwiria alirudi Jumatano, akaikuta ndoo imesuguliwa vizuri, imepinduliwa juani ikauke. Ilikuwa mbegu. Hakuna iliyobaki.